Kikundi cha kufundishana biashara Uganda: mwongozo kamili wa kukiunda na kukiendesha

Karibu kila soko la Uganda lina nigiina, yaani kikundi cha kuchangiana pesa kwa zamu, na SACCO haziko mbali. Vikundi vya kukopeshana havijawahi kukosekana. Kinachokosekana ni mahali ambapo fundi vyuma wa Katwe anaweza kufungua daftari lake la mauzo mbele ya mhasibu, mshonaji na mwenye duka la dawa, likasomwa kwa pamoja, naye asichekwe wala asiibiwe wateja. Mwongozo huu ni wa kujenga mahali hapo. Unawahusu wenye biashara ndogo na waliojiajiri kwa ujuzi wao: mafundi umeme, wachora ramani, wakalimani, wapiga picha, wahasibu wa kujitegemea.

Jambo tunaloliamini kuliko mengine yote ni hili: kikundi cha namna hii hudumu kikishughulikia tarakimu za kweli za mtu mmoja kwa wakati mmoja. Kikigeuka ukumbi wa hotuba au mfuko wa mikopo, kinakufa. Karibu kila hatua hapa chini imewekwa ili kuzuia mawili hayo.

Kuchagua watu

Tafuteni watu wanane. Sita wanatosha kuanza, kumi ni mwisho. Sababu ni hesabu ya zamu. Mkikutana kila baada ya wiki mbili na kushughulikia biashara mbili kila kikao, watu wanane hupata zamu kila mmoja mara moja katika wiki nane. Wakiwa ishirini, mtu husubiri wiki ishirini, na tatizo la mtaji halisubiri miezi mitano.

Wasiwemo wawili wanaouza kitu kilekile kwa wateja walewale. Wauza plastiki wawili wa Kikuubo wenye maduka yanayopakana hawataambiana bei wanayonunulia, hata wakiapa. Mshonaji wa Wandegeya jijini Kampala na mshonaji wa Mbale, mji wa mashariki, hawana shida, kwa kuwa hawagombanii mteja mmoja. Angalieni pia ukubwa: aliye mkubwa zaidi asimzidi aliye mdogo zaidi zaidi ya mara tano kwa mauzo ya mwezi. Anayeuza milioni mbili na anayeuza milioni mia hawana matatizo yanayofanana, na mdogo ataishia kusikiliza tu.

Msiweke pamoja bosi na mfanyakazi wake, mume na mke, wala anayedai na anayedaiwa. Huyu wa mwisho husahaulika sana. Mtu mwenye deni la jirani yake hatasema kamwe mbele ya jirani huyo kwamba mauzo ya mwezi huu yalikuwa mazuri. Jitahidini kumpata angalau mmoja aliyezoea hesabu na mmoja anayezijua ofisi za serikali.

Msitangaze kwa umma. Mwendeeni kila mtu peke yake, mketi, mmwulize: swali gani la biashara yako limekunyima usingizi mwezi huu? Asiye na swali mwacheni kwa sasa, hata kama ni rafiki mwema. Anayejibu kwa kutaja mtu mwingine tu, kwamba wateja ni wabaya, wafanyakazi ni wezi na serikali inatuonea, mpeni muda pia. Mnayemtaka ni yule anayesema, “Nauza kila siku lakini mwisho wa mwezi sioni pesa.”

Siku, saa na mahali

Kwa Kampala, asubuhi ni bora kuliko jioni. Kuanzia saa kumi na moja jioni msongamano wa magari unawachelewesha watu, na wenye maduka wako katikati ya mauzo. Saa moja hadi saa tatu asubuhi, Jumanne au Jumatano, hufaa wengi. Jumatatu watu wanapokea mzigo, Ijumaa Waislamu wana swala, Jumamosi ni Sabato kwa Waadventista na ni siku ya biashara kubwa, Jumapili ni ya kanisa. Katika miji midogo angalieni kwanza siku ya gulio.

Msikutane karibu na tarehe 15, kwa sababu ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha kwa URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, taarifa za VAT na kodi ya mishahara ya mwezi uliopita. Mhasibu wenu hatakuja. Shule zinapofungua muhula wengi wamebanwa na karo, kwa hiyo mikutano ya majuma hayo iwe mifupi, lakini isifutwe. Mkutano ukifutwa mara moja, kuufuta mara ya pili huwa rahisi.

Mahali pawe tulivu na pasiwe pa mmoja wenu. Dukani mwa mwanachama, mwenye duka ataamka kila mteja akiingia. Baa haifai: wengine dini haiwaruhusu, na siri hutoka haraka. Darasa la shule kabla ya masomo, chumba cha kanisa au msikiti, au ukumbi mdogo wa hoteli asubuhi vinatosha. Kama mnakutania nyumbani kwa mtu, mwarifuni mapema mwenyekiti wa LC1, yaani kiongozi wa kijiji au mtaa, ili watu wanaoingia na kutoka wasizue maswali mtaani.

Gharama igawanywe sawa na ilipwe mlangoni. Kwa mfano, watu wanane wakitoa shilingi 10,000 kila mmoja mnapata 80,000: ukumbi 40,000, chai na chapati 24,000, na 16,000 zinazobaki ni za karatasi na muda wa simu. Mtu mmoja tajiri akilipa kila mara, baada ya muda mfupi maneno yake yataanza kuwa na uzito kuliko ya wengine.

Ukurasa mmoja wa makubaliano

Katiba ya kurasa kumi haisomwi. Andikeni ukurasa mmoja, kila mtu aweke sahihi katika kikao cha kwanza. Yawemo haya: yanayosemwa humu hayatoki, hakuna kumchukua mteja, mfanyakazi wala msambazaji wa mwenzako bila yeye kukubali, hakuna kukopeshana ndani ya kikundi kwa miezi sita ya kwanza, hakuna kuuziana bidhaa wakati wa kikao, anayekosa mara mbili mfululizo bila taarifa amepoteza kiti, simu zinakaa kimya ndani ya mfuko.

Ongezeni jambo la majina na namba za wateja. Sheria ya Uganda ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2019 inamtaka anayekusanya taarifa za mtu azitumie kwa sababu aliyozikusanyia. Orodha ya namba za wateja wako haipaswi kuzungushwa kwa wenzako eti ni kusaidiana. Mteja aombwe ruhusa kwanza.

Lugha ikubaliwe siku hiyohiyo. Kiswahili kinawaunganisha vizuri watu wa Arua, Busia, Kasese na Wakongo waliojenga biashara Kampala, lakini kila mmoja ana Kiswahili chake. Mtu asikosolewe sarufi. Akikwama aseme kwa Kiganda au Kilugbara, jirani atafsiri. Maneno yaliyomo kwenye fomu za serikali yabaki kama yalivyo kwenye fomu, ili mtu asipotee atakapofika dirishani.

Kikao cha saa mbili

Gaweni kazi tatu, zizunguke kila kikao: mwongozaji, mtunza saa na katibu. Dakika 120 zitumike hivi:

- Dakika 10: tarakimu nne za kila mtu.
- Dakika 15: nani alitimiza ahadi ya kikao kilichopita, na nani hakutimiza.
- Dakika 40: mwenye zamu wa kwanza.
- Dakika 40: mwenye zamu wa pili.
- Dakika 10: kila mtu anaahidi jambo moja la kufanya kabla ya kikao kijacho.

Dakika tano zinazobaki ni za kuchelewa, nazo zitatumika.

Tarakimu nne ni hizi: mauzo ya wiki mbili zilizopita, pesa zilizopo leo, yaani za mkononi, za benki na za kwenye simu zikijumlishwa, anachodai, anachodaiwa. Zisomwe kutoka kwenye daftari, zisitolewe kichwani. Mwanzoni wengi hawatakuwa nazo. Msiwafukuze, lakini msiruke kipengele hiki, kwa sababu aibu ndogo ya kusema “sijaandika” ndiyo itakayomfanya mtu anunue kaunta buku kesho yake.

Dakika 40 za mwenye zamu ndizo kiini cha kazi yote. Dakika 5 anaeleza tatizo lake, ameliandika kwenye karatasi moja na tarakimu zake. Dakika 10 wenzake wanauliza maswali tu, ushauri hauruhusiwi. Dakika 15 wenzake wanazungumza wao kwa wao juu ya tatizo hilo, naye ananyamaza na kuandika. Dakika 7 anasema amechukua nini na ameacha nini. Dakika 3 katibu anaandika ahadi yake na tarehe.

Dakika zile 10 za maswali ndizo ngumu kuzilinda, na mwongozaji awe mkali hapo. Ushauri wa haraka mara nyingi hulenga tatizo lisilo lenyewe. Tuchukue mpiga chapa wa Nasser Road anayesema anataka wateja zaidi. Ukianza ushauri, utasikia habari za mabango na matangazo. Ukianza maswali, unapata picha nyingine: anafanya kazi za milioni 6 kwa mwezi, karatasi na wino vinamgharimu milioni 3.6 taslimu, na wateja wake wakubwa ni ofisi zinazolipa baada ya siku 60. Maana yake, wakati wowote kuna milioni 12 nje, na ndani yake milioni 7.2 ni pesa alizotoa mwenyewe kununua vifaa. Akipata wateja zaidi wa aina hiyo, atafilisika haraka zaidi. Dawa yake ni malipo ya awali ya asilimia 60 kabla ya mashine kuwashwa. Asilimia 60 ya milioni 6 ni milioni 3.6, yaani gharama yote ya vifaa. Mteja akichelewesha iliyobaki, inachelewa faida na ujira wake, lakini mtaji wake uko salama.

Swali zuri huomba tarakimu, tarehe au tukio: “Mara ya mwisho mteja huyo alilipa lini?” “Kati ya kumi waliouliza bei, wangapi walinunua?” “Nani mwingine anaweza kufungua droo ya pesa?” Swali bovu ni ushauri uliogeuzwa kuwa swali: “Hujafikiria kupunguza bei?” Mwongozaji aseme kwa upole, “Huo ni ushauri, uweke hadi maswali yaishe.”

Kuna jambo la heshima ambalo kwetu haliepukiki. Kijana hatamuuliza mzee swali la pesa zake mbele za watu, na mzee akishasema, wengine hunyamaza. Wekeni utaratibu wa kudumu: aliye mdogo kwa umri anauliza kwanza, mzee anauliza mwisho. Kwa kuwa ni utaratibu wa wote, kijana haonekani amekosa adabu, na mzee hapotezi heshima yake.

Mada za mwanzo, hasa bei na kodi

Kabla watu hawajazoeana, tumieni zile dakika 40 za mwenye zamu wa pili, katika vikao vichache vya mwanzo, kwa mada ya pamoja. Mtu mmoja tu ndiye atakuwa na zamu siku hizo. Anzeni na utunzaji wa daftari na kutenganisha pesa za nyumbani na za biashara, kisha ingieni kwenye bei.

Bei ndiyo inayowaumiza zaidi waliojiajiri, kwa sababu hujilinganisha na mshahara. Fanyeni hesabu hii kila mtu kwa tarakimu zake. Mfano: mchora ramani anataka kubaki na 1,800,000 kwa mwezi. Gharama za kazi, yaani kodi ya meza, intaneti, nauli na umeme, ni 700,000. Anaweka 300,000 kwa ajili ya kompyuta itakayochakaa na siku atakazougua. Jumla ni 2,800,000. Mwezi una siku 22 za kazi, lakini siku anazolipwa ni kama 12. Nyingine zinaishia kwenye kutafuta wateja, kusafiri, kuandika ankara na kufuatilia malipo. 2,800,000 ukigawa kwa 12 ni takriban 233,000 kwa siku. Aliyegawa kwa 22 alipata 127,000, akashangaa kwa nini anafanya kazi sana na bado anakopa.

Kisha kuna makato. Wateja walioteuliwa na URA kuwa mawakala hukata asilimia 6 katika malipo ya zaidi ya milioni moja. Ankara ya 2,000,000 itakuletea 1,880,000. Zile 120,000 si hasara: ni kodi yako iliyolipwa mapema, nayo inapunguzwa kwenye kodi yako ya mwaka, mradi mteja ameiwasilisha kwa TIN yako, yaani namba yako ya mlipakodi. Ingieni kwenye tovuti ya URA pamoja, kila mtu aangalie kama makato yake yameonekana. Wengi hawajawahi kuangalia.

Kwa wafanyabiashara, mada ya kodi inaonyesha faida ya daftari kuliko hotuba yoyote. Katika jedwali la kodi ya biashara ndogo lililoanza Julai 2020, mwenye mauzo kati ya milioni 50 na 80 kwa mwaka asiye na kumbukumbu hulipa 400,000. Mwenye kumbukumbu hulipa 180,000, pamoja na asilimia 0.6 ya kinachozidi milioni 50. Kwa mauzo ya milioni 60 hiyo ni 240,000. Daftari limeokoa 160,000. Mwaka wa kodi unaanza 1 Julai, na bajeti hubadilisha mambo, kwa hiyo someni jedwali la mwaka husika kabla ya kulipa. Wanasheria, madaktari, wahasibu, wahandisi na wenzao wa taaluma hawamo katika utaratibu huo. Wao hulipa kwa faida. Msiwachanganye katika mjadala mmoja.

Walio Busia, Malaba au Mutukula waweke mapema mada ya mpaka. Utaratibu uliorahisishwa wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unaruhusu bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zilizo katika orodha, zisizozidi thamani ya dola 2,000, zivuke kwa cheti rahisi cha asili bila ushuru wa forodha. Kodi nyingine bado zinaweza kudaiwa, na hapo ndipo ugomvi huanzia.

Mgeni akialikwa, mpelekeeni maswali matano yaliyoandikwa wiki moja kabla, na mumpe dakika 40 tu. URA hutoa elimu ya mlipakodi bila malipo. URSB, ofisi ya kusajili biashara, wanajua majina ya biashara na kampuni, UNBS, shirika la viwango, wanajua alama ya ubora, na Enterprise Uganda huendesha mafunzo ya biashara ndogo. Mgeni asiye na maswali mbele yake atatoa hotuba aliyoizoea.

Kutembeleana na kutambulishana

Kila baada ya miezi mitatu, kikao kimoja kifanyike mahali pa kazi pa mwanachama. Nusu saa ya kwanza hakuna kuzungumza: simameni nje, mhesabu. Wangapi wamepita, wangapi wamesimama, wangapi wameuliza bei, wangapi wamenunua. Wakiuliza kumi na wawili na kununua watatu, tatizo liko kwenye bei au kwenye mazungumzo. Wakipita mia na kusimama watatu, tatizo liko kwenye mpangilio wa mbele. Ndani, angalieni bidhaa zenye vumbi, na muulize zimelala muda gani.

Kutambulishana kwa wateja ndiko watu wengi wanakotarajia, na ndiko urafiki unakovunjikia kukifanywa ovyo. Ulizeni pande zote mbili kwanza. Kisha tumeni ujumbe mfupi kama huu: “Habari za leo, mzee. Fundi umeme niliyekueleza yuko tayari. Nimeona kazi yake kwenye jengo la ghorofa mbili. Bei mtaelewana wenyewe, mimi sina komisheni humo.” Kama kuna komisheni, isemwe wazi hapohapo. Aliyetambulishwa apige simu ndani ya siku mbili na amrudishie taarifa aliyemtambulisha, hata kama kazi haikupatikana. Msimpendekeze mtu kwa kazi ambayo hamjaiona kwa macho.

Mawasiliano kati ya vikao

Kundi moja la WhatsApp linatosha, la taarifa na maswali ya haraka. Tarakimu za watu zisiandikwe humo, maana picha ya skrini husafiri kwa sekunde. Siasa, mahubiri na ujumbe wa kusambazwa visiingie. Katibu aandike jioni ileile mistari mitatu kwa kila mwenye zamu: tatizo, alichoamua, tarehe. Hiyo ikae kwenye kaunta buku moja, ambalo linahamia kwa katibu mpya.

Panapoharibika

Mkopo ndio unaoua vikundi vingi. Mtu akipata matatizo ya kweli, huruma inawafanya wenzake wachange, naye kwa aibu ya kutolipa anaacha kuja. Mmepoteza pesa na mtu. Mkitaka kuweka akiba, anzisheni jambo hilo mbali: siku yake, daftari lake, na hata watu wake. Vivyo hivyo na matumaini ya fedha za serikali. Mtu anayejiunga akidhani hiki ni kikundi cha Emyooga au cha mpango wa maendeleo wa parokia, mipango ya serikali ya kutoa mitaji, aelezwe wazi siku ya kwanza kwamba humu hakuna fedha zitakazogawiwa.

Msemaji sana hudhibitiwa na saa, hachukiwi. Mpeni kazi ya kutunza saa vikao viwili. Anayekuja kila mara bila kutimiza ahadi, mwambieni apunguze ahadi hadi kitu kinachofanyika kwa saa moja. Akishindwa hata hicho mara tatu, tatizo lake si kikundi, na mwongozaji aongee naye peke yake.

Kununua kwa pamoja ni jambo zuri baada ya miezi sita. Liendesheni kwa watu watatu tofauti: mmoja anashika pesa, mwingine ananunua, wa tatu anapokea na kuhesabu mzigo. Pesa zote zilipwe kabla ya kununua. Anzeni na vifungashio au karatasi, vitu visivyooza na visivyo na ubishi wa ubora.

Kikundi kikikua

Wakijitokeza wengine hata mkapita kumi na kufika kumi na wawili, gawanyikeni vikundi viwili vya watu sita sita. Kila upande ubaki na angalau watu watatu wa zamani waliozoea dakika za maswali, na kila upande upewe mtu mmoja anayejua hesabu. Msigawane kwa urafiki, wala kwa kabila. Gawaneni kwa kuangalia nani hashindani na nani. Kaunta buku la zamani libaki na katibu wa upande mmoja. Kurasa za waliohamia zitolewe na wakabidhiwe wenyewe mikononi, kwa sababu tarakimu hizo ni zao. Kikundi kipya kisaini upya ukurasa wake wa makubaliano katika kikao chake cha kwanza, kabla ya chai.